Nani Ataoga kwa Ajili ya Bwana Majani?

Savita alirudi Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, akiwa bibi kizee, ameshika mkono wa mwanawe, na neno lake la kwanza nyumbani kwangu halikuwa salamu. Wajukuu wangu walikuwa wamemwekea kiti kizuri, wamefuta meza, wamemtuma mmoja wao dukani alete soda ya baridi. Yeye akasimama mbele ya pazia la mlango, akashika upindo wake, akausogeza karibu na macho. "Sifa," akasema, "njo vile nilikufundisha kushona? Upindo iko inakwenda sawa vile mulevi." Wajukuu wakatazamana. Mgeni amevuka ziwa zima kutoka Kigoma, hajanywa hata maji, tayari anamgombeza nyanya yao. Mimi nikaanza kucheka, mara nikajikuta nalia, na Savita naye hivyo hivyo, tukashikana pale mlangoni hadi soda ikapoteza baridi yake. Baadaye mjukuu wangu mkubwa akaniuliza pembeni kama zamani tuliwahi kukosana. Nikamwambia hapana, na kwamba kama Savita angelisifu lile pazia ningeumia moyo. Hakuelewa, wala sikumlaumu. Ili aelewe, ingempasa awe amekaa mwaka mmoja katika nyumba ya Ba.

Mwaka huo ulikuwa katikati ya miaka ya hamsini, na mimi nilikuwa msichana mkubwa, mwenye maneno mengi kuliko kazi. Ya kwetu nyumbani nayaacha. Yalifanana na ya nyumba nyingi za Wabembe wa pale. Nilikwenda kwenye duka la Jayanti kujifunza kushona, kwa sababu mkewe Savita alitaka msichana wa kumsaidia kutengeneza magauni ya watoto na blauzi za akina mama. Duka lilikuwa mbele, limejaa vitambaa, chumvi na taa za mafuta. Kwenye veranda kulikuwa na mashine mbili za kushona. Nyuma kulikuwa na ua uliofagiwa mpaka ukang'aa, na upande wa pili wa ua kulikuwa na jiko, na ubavuni mwa jiko chumba kidogo cha kusalia chenye taa ya samli. Huko nyuma mtawala alikuwa Ba, mama yake Jayanti, mwanamke mfupi wa sari nyeupe ambaye alikuwa ameishi Baraka miaka mingi na aliongea Kiswahili chetu kwa sauti ya mtu anayefukuza kuku. Watu wa Baraka waliwaita wote Bahindi, basi. Lakini wengi wa Bahindi wale walikuwa Waislamu, na Ijumaa uliwaona msikitini pamoja na watu wa pwani ya ziwa. Wahindu walikuwa nyumba hii, na nyumba moja ya Kazimia, na chache za Uvira. Walijuana wote kwa majina, hata watoto wachanga.

Wiki yangu ya kwanza nilifanya kosa. Savita aliniomba nikoroge dengu jikoni, na mimi, kama nilivyoona wanawake wote wakifanya tangu nizaliwe, nikachota kidogo kwa mwiko na kuonja chumvi. Ba alikuwa mlangoni. Sijui kama niliwahi kugombezwa vile kabla ya siku ile. Kwa kweli Ba alikuwa akipika bila kuonja maisha yake yote, kwa sababu chakula kilipelekwa kwanza mbele ya Mungu wake, na nani anampa Mungu mabaki? "Kwenu munamupatia mukubwa chakula yenye mumeisha kulamba?" akaniuliza. Sufuria nzima ikatolewa ikapewa wabeba mizigo wa dukani, wakaifurahia sana, na mimi nikasugua ile sufuria kwa majivu hadi nikaona uso wangu. Nilirudi nyumbani nikiwa na hakika kwamba nimefukuzwa. Kesho yake Ba akaniita tena jikoni, akanipa mbaazi nichambue, akaendelea kugomba pale alipoachia jana.

Miezi michache baadaye niliona jambo lingine. Mke wa bwana mmoja wa serikali, Mzungu aliyekuwa safarini, alikuja kununua vitambaa, akataka kuona ua, na kabla mtu hajasema neno akaingia kwenye chumba cha kusalia na viatu vyake, akashika hiki, akashika kile. Nilifunga macho nikisubiri radi. Haikuja. Ba akatabasamu, akamletea chai yenye iliki na sahani ya chevda, vile vitafunio vyao vya kukaanga, akamsindikiza mpaka barabarani. Alipoondoka, Ba akajifunga sari kiunoni, akaosha sakafu ya kile chumba, akaiosha tena. Nikamuuliza kwa nini hakumwambia. "Ule ni mugeni," akajibu. "Mugeni unamupatia chai." Na tuna methali yetu sote, kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba kuna mtu anayeweza kulilia hilo jembe.

Mtu huyo alikuwa Bwana Majani. Alikuwa Mbelgiji, aliyekuwa zamani agronomu, yaani bwana shamba, wa pamba katika mashamba ya upande wa Fizi, na alipomaliza kazi hakurudi kwao. Hakuwa na mke wala mtoto. Alikaa katika nyumba yenye veranda karibu na ziwa, na alikuwa ameacha kula nyama, samaki, hata mayai, ndiyo maana watu wakampa jina hilo. Mpishi wake alilalamika sokoni kwamba kazi imemwishia mikononi. Bwana Majani alikuwa amesoma vitabu vya hekima ya Wahindu kwa Kifaransa, kisha akajifunza mwenyewe lugha yao ya kale, ile ambayo hata Jayanti aliijua kwa kukariri tu. Kila Jumamosi alasiri alikuja, akavua viatu kwenye ngazi, akakaa verandani karibu na mashine yangu akizungumza na Jayanti kuhusu roho: kwamba roho ya ng'ombe, ya mbwa na ya mtu ni moja, na kwamba kweli ni moja ingawa wenye hekima huiita kwa majina mengi. Jayanti alimsikiliza kwa adabu, huku jicho lake moja likiwa kwa wateja. Ba alimpelekea chai ya iliki na sahani ya chevda. Kila Jumamosi, bila kukosa, kwa tabasamu lile lile. Na yeye, maskini, alifurahi akidhani anapendwa.

Mvua za mwaka ule zilipoanza, moyo wake ulimshtua. Alianguka bustanini kwake, mpishi akamwokota, akalala kitandani siku kadhaa. Alipopona alikuja ingawa haikuwa Jumamosi. Nilikuwa napima mikono ya gauni, na nilisikia yote. "Jayanti," akasema, "nikikufa musinizike pa misioni. Batasema nilibatizwa, njo kweli, nilikuwa mutoto muchanga, hakuna mutu aliniuliza. Munichome kule kwa muchanga wa Mutambala, sawa vile mulichoma baba yako." Jayanti akakunja kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena. Alimpenda yule mzee, mimi najua. Lakini wanaochomwa pale mchangani, mto unapoingia ziwani, walikuwa Wahindu peke yao, na kumkubalia maana yake ilikuwa kusema kwamba Mbelgiji huyu ni Mhindu. Akamjibu kwamba jambo hilo si la mtu mmoja. Siku ya mwaka wao mpya, inayofuata sikukuu ya taa, wenzao wangekuja Baraka kusalimia wakubwa, na asubuhi ile angepewa jibu.

Basi jambo hilo likawa la mji mzima. Sokoni nilimkuta Mama Zaina, Mwislamu aliyeuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, akibishana na Mama Georgeta, Mkatoliki aliyeuza mihogo. "Kwetu si mambo mingi," alisema Mama Zaina. "Unatamuka shahada mbele ya bantu, unaisha kuingia. Kesho unafunga na sisi." Mama Georgeta akasema kwao ni maji ya ubatizo, na yakishamwagika hayaokoteki, kwa hiyo Bwana Majani ni wao atake asitake. Wakanigeukia mimi niliyekaa na Wahindu. "Bale Bahindu, banaingiaka namna gani?" Nilifikiri kwetu Wabembe, nikaona kwamba sijawahi kusikia mtu akiomba kuwa Mbembe; unazaliwa ndani ya ukoo, na wazee wanajua babu yako alilala wapi. Nilianza kumwonea huruma yule Mzungu. Alikuwa amesoma vitabu vyote vya nyumba ile, na hakuna kilichomwambia mlango uko wapi.

Aliyempinga waziwazi alikuwa Magan wa Kazimia, binamu yake Jayanti, mwembamba, mwenye miwani mizito, ambaye alikuja Baraka kwa mtumbwi wa injini kila alipoishiwa bidhaa. Jumamosi moja walikutana wote verandani. Magan hakumchukia Bwana Majani; alimheshimu hata, ila alikuwa mtu asiyeweza kuacha jambo likae upande. "Muhindu anazaliwa," akasema. "Mutu anaweza penda wimbo ya harusi, ile haimufanye kuwa bibi harusi." Jayanti akamkumbusha kwamba yeye Magan anauza nyavu za samaki wakati Bwana Majani hali hata yai. "Sasa kati yenu, nani Muhindu?" Tukacheka, na Magan pia akacheka, maana jiwe hilo lilimpata. Bwana Majani akaingilia kwa upole wake, akasema kweli ni moja na haina mlango. Magan akafuta miwani yake. "Kama haiko na mulango, bwana, juu ya nini unagonga ya kwetu?"

Mashine yangu ilisimama yenyewe. Yule mzee aliweka kikombe chake chini. "Juu kweli haina meza ya kulia," akasema. "Nimeisoma myaka makumi mbili, na kila siku nakula peke yangu." Magan alikohoa, akaangalia barabara. Lakini alipoondoka Bwana Majani, Magan alimwambia Jayanti neno ambalo ndilo lilikuwa mzigo wenyewe. "Kuchoma haiko kazi, kuni iko. Mi nauliza kintu moja tu. Akikufa, nani ataoga?" Savita alinieleza baadaye. Kwao mtu akifa, jamaa zake hawawashi jiko. Wanampeleka motoni, kisha wanaingia majini na nguo zao wanaoga, ndipo wanarudi nyumbani kula. Mgeni haogi. Mgeni anatoa pole, anakwenda zake, anakula kwake. Kitabu unaweza kusoma mwenyewe, lakini hakuna anayejiogea maji ya msiba wake mwenyewe. "Mi sitaoga juu ya mutu mwenye alisoma buku," alisema Magan. Ba alikuwa amekaa kwenye kizingiti akichambua mchele, akasikia yote.

Sikukuu ya taa ilifika. Siku tatu kabla yake tulikaanga vitu vitamu mpaka nywele zangu zikanuka samli. Asubuhi ya mwaka mpya nyumba ilijaa: Magan na mkewe, watu wawili watatu wa Uvira, watoto katika nguo nilizozishona mimi, na naikumbuka fahari yangu. Nje ya chumba cha kusalia, kando ya viatu, kulikuwa na msumari ukutani ambapo wanaume walitundika mikanda yao, kwa sababu ngozi ya mnyama haikuingia mle. Jayanti alikuwa amekonda mwaka ule, akasali huku ameshikilia suruali kwa mkono mmoja, na Savita na mimi tulibanwa na kicheko nyuma ya mlango. Ndipo Bwana Majani akafika. Alivaa nguo nyeupe zilizopigwa pasi, akavua viatu, akanawa mikono na miguu uani bila kuambiwa. Mkononi alikuwa na kitu kimefungwa katika hariri ya njano. Tulijua ni nini. Alikuwa amekingojea miezi. Kilikuwa kitabu chao kitakatifu, nakala yake mwenyewe aliyosomea, ambayo aliituma kwao Ubelgiji kwa fundi bora kabisa wa kufunga vitabu, ikarudi kwa meli kupitia bandari ya Albertville. Alikuwa anaitoa iwe ya nyumba ile. Akaingia, akapiga magoti, akafungua hariri, akakiweka chini ya taa, mbele ya Mungu.

Kilikuwa kizuri. Kilikuwa na maandishi ya dhahabu mgongoni, na jalada la rangi ya asali, laini, nami nilipoinama kuweka sinia la vitamu harufu yake ikaniingia puani. Savita aliisikia wakati huo huo, akanishika mkono. Ngozi ya ndama. Yule mzee alikuwa amefanya kile ambacho kwao Ubelgiji hufanyiwa kitabu unachokipenda kuliko vyote. Magan aliangalia kile kitabu, kisha akamwangalia Jayanti, na uso wake haukuwa wa ushindi. Ulikuwa wa mtu anayeona aibu kwa niaba ya mwingine. Bwana Majani akatutazama mmoja mmoja, akiwa bado na tabasamu, mpaka jicho lake likafika kwenye msumari nje ya mlango, kwenye ile mikanda. Nilimwona akielewa. Uso ukawa mwekundu, kisha mweupe. Nilingoja aanze: roho ya ng'ombe na ya mtu ni moja, ngozi na pamba ni moja, kosa liko wapi. Alikuwa na maneno hayo yote, alitufundisha mwenyewe. Hakusema hata moja. Alikichukua kitabu, akakitoa nje akikibeba mbali na mwili wake, akakiweka chini uani, akarudi akasimama nje ya kizingiti kama mtoto aliyevunja chungu. "Ba," akasema, "nimekosa."

Ba akainuka. Nilijua kinachofuata ni tabasamu, chai ya iliki na chevda, kisha ndoo ya maji na kitambaa cha kuoshea sakafu. Nilimwombea asitabasamu. Ba akaenda mpaka kizingitini, akamtazama kutoka chini mpaka juu, maana hakumfika hata kifuani. Ndipo radi ikapiga. "Weye mukubwa wa namna gani? Unasoma, unasoma, macho inaisha, na haujuwe kintu mutoto ya Savita anajua? Myaka yote unakaa pa baraza yangu, ule mukanda ya Jayanti haukuionaka? Unaleta ndama kwa nyumba ya Mungu, siku ya mwaka mupya!" Akahamia Kigujarati, akarudi Kiswahili, akasema habari ya nguo zake, ya kukonda kwake, ya mpishi wake mvivu, na kwamba mtu mwenye ugonjwa wa moyo anatembea juani bila kofia. Wanaume wa Uvira waliinamisha vichwa. Savita alikuwa analia na kucheka. Na Bwana Majani alisimama pale akigombezwa, machozi yanamtoka, na sijaona uso wenye furaha kama ule hata kwenye harusi.

"Enda uoge," Ba akamaliza. "Kisha uje ukae. Hapa, ndani. Chakula inapoa." Halafu akanigeukia mimi, kwa kuwa alikuwa bado na pumzi. "Na weye, unaangalia nini? Toa ile ngozi. Shonea buku nguo." Basi asubuhi ya mwaka mpya wa Wahindu, mimi Mbembe niliketi verandani na kisu kidogo, nikabandua ngozi ya fundi wa Ubelgiji, nikakishonea kile kitabu jalada la pamba nyekundu. Ba alisema mishono ni mikubwa. Nikarudia. Ndani nilisikia vyombo, na sauti ya Bwana Majani ikiomba aongezewe sombe ya majani ya mihogo, ile ya karanga bila samaki ambayo Ba alijifunza kwa wanawake wetu. Jayanti alimwahidi kwamba siku ikifika yeye ndiye atawasha moto, kama mtoto wa kiume. Magan alikula karibu naye, akampitishia chapati kwa adabu, na alipotoka kunywa maji verandani nilimuuliza kama sasa amekubali. "Ba amemupatia fasi ya kukaa," akasema. "Ni nyumba yake. Kuoga njo kintu ingine."

Nilikaa na neno hilo miaka mingi kuliko nilivyodhani. Mwaka wa mafunzo yangu uliisha, nikapata mashine yangu, nikaolewa. Ba alifariki akiwa bado anagomba, na mchangani pale Mutambala nilimwona Bwana Majani ametoka ziwani, maji yanachuruzika kwenye nguo zake nyeupe, kati ya Jayanti na wengine. Uhuru ulipokuja na vurugu zake, duka lilifungwa, wakavuka wote kwenda Kigoma, na yule mzee alivuka pamoja nao, na kitabu chake chekundu kwapani. Baada ya hapo sikusikia. Tulipata ya kwetu ya kutosha. Nimewagombeza wengi katika maisha yangu, wakwe, wajukuu, majirani, na kila nilipogomba nilijua ninafanya nini na nilijifunza wapi. Lakini swali la Magan lilibaki halijajibiwa, na siku Savita aliporudi, tulipomaliza kulia na soda ikanywewa vuguvugu hivyo hivyo, ndilo nililomuuliza kwanza.

Akaniambia Bwana Majani alikufa Kigoma, usingizini, wakati wa mvua. Jayanti aliwasha kama alivyoahidi, lakini kuni zilikuwa mbichi na moto ukakataa, ukakataa, watu wamesimama tangu asubuhi na njaa. Magan alikuwapo, mzee wa fimbo kwa wakati ule, akiishi Ujiji. Alikuwa akizunguka ule moto akinung'unika kwa sauti: Mzungu huyu, mpaka leo bado anatuchelewesha chakula.

"Na aliogaka?" nikauliza.

"Nani, Magan?" Savita akatafuta leso yake. "Njo aliingia wa kwanza. Na manguo yote, na fimbo, na miwani. Ile miwani ikabebwa na maji. Tukaitafuta sisi wote mu ziwa, mpaka jua ikazama."

Kisha akaomba sindano, akaliteremsha pazia langu mlangoni, akaanza kuufumua ule upindo.